Ogopa maji, baridi utaizoea

Shosti yangu,

Mambo? Natumai mko poa na watoto washazoea vyumba vyao. Hongera tena ya nyumba, manake kununua nyumba yenye uwanja sio jambo dogo, acha watu waseme. Nimeiona ile orodha yako ya manunuzi ya winta, hita tatu, mapazia mazito, blanketi za umeme, machepe mawili ya theluji, kuni za kujaza gereji, na nikaona kwenye meseji hatutafika, bora nikuandikie barua ya kueleweka, we kaa mahali usome polepole.

Nikwambie ukweli, karibu kila kitu kwenye orodha yako ni cha kupambana na baridi, na baridi sio tatizo lako kubwa. Ulipokuwa umepanga fleti ndo ilikuwa tatizo lako, manake mengine yote alihangaika nayo mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba ni wewe. Baridi ikizidi utavaa soksi mbili na sweta maisha yanaenda, ila maji yakigandia mahali pabaya hapo tunaongelea ukuta kubomolewa. Maji yakiganda yanavimba kwa kama asilimia 9, na yakikosa nafasi ya kuvimbia yanaitengeneza yenyewe, iwe ni bomba la shaba, zege la ngazi za mlangoni au chungu cha maua. Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe, kabla ya kununua hata pazia, ningeizunguka nyumba nje na ndani nikiuliza kitu kimoja tu: maji yapo wapi, na yakitoka hapo yanaelekea wapi.

Anza na koki ya nje, ile ya kumwagilia bustani. Toa mpira wa maji kwanza, usiuache umefungwa hata kama umechoka, manake mpira ukibaki unayazuia maji yaliyo ndani ya koki yasitoke, na hata zile koki za kisasa zilizotengenezwa zistahimili barafu zinapasuka kwa sababu hiyo hiyo. Alafu ingia ndani, lifuate bomba lake mpaka ukute valvu, mara nyingi iko besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, au chini ya sinki kwenye ukuta huo huo, ifunge, rudi nje ufungue koki maji yachuruzike mpaka yaishe, na uiache wazi. Valvu nyingine zina kifuniko kidogo pembeni chenye ukubwa wa kifungo cha shati, kinga ndoo, kilegeze, utasikia hewa inavutwa na maji yaliyobaki yanadondoka, kikombe kimoja au viwili tu, ila hicho kikombe ndo kinachopasua bomba. Na ubaya wake hujui siku ile ile. Barafu inapasua bomba ndani ya ukuta, inakaa hapo ikiziba ufa wake yenyewe, winta nzima we unaona mambo shwari, jua likirudi unafungua koki umwagilie maua, nje maji yanatoka kidogo kidogo na ndani yanajaza ukuta. Jirani yangu mmoja alikuja kujua baada ya zulia lake la besimenti kuloa chapachapa.

Ukimaliza hapo tafuta geti valvu kuu, ile inayokata maji ya nyumba nzima. Watu wengi wanajua ilipo ila hawajawahi kuizungusha, na valvu iliyokaa miaka bila kuguswa inaweza kukwama, au ukiilazimisha ikaanza kuvuja. Ijaribu sasa hivi, mchana, siku ambayo fundi bomba anapatikana: funga, nenda jikoni fungua koki uone maji yanakata kweli, kisha rudisha. Ifunge kitambaa chekundu na uwaonyeshe watoto pia, yule mkubwa wako anaweza kabisa kuifunga kama haupo.

Mabomba ya ndani hayana shida yakiwa sehemu zenye joto. Ya kuangalia ni yale yanayopita gereji, chini ya sakafu, darini, na yale yaliyojibana kwenye ukuta wa nje chini ya sinki. Kuna mipira ya povu inauzwa imechanwa kwa urefu, unaivalisha tu kwenye bomba na kufunga tepu kwenye viungo, kazi ya nusu saa na bei yake haiumi. Usiku ule wa baridi kali, ikishuka chini ya nyuzi -6 au -7 hivi, fungua milango ya kabati la sinki joto la nyumba liingie, na uache koki idondoke tone tone. Watu wanadhani yale matone ni ya kuzuia maji yasigande, kidogo ni kweli, ila kazi yake kubwa ni kutoa presha. Barafu ikishaziba bomba, maji yaliyo kati yake na koki iliyofungwa yanabanwa hayana pa kwenda, na mara nyingi bomba linapasukia hapo, wala sio pale lilipoganda. Koki ikiwa wazi kidogo presha inapata pa kutokea. Na likishaganda usiende na moto, tafadhali, nyumba zimeungua hivyo. Fungua koki, chukua ile mashine ya kukaushia nywele, anza upande wa koki ukirudi nyuma taratibu.

Mkisafiri usizime hita kabisa kwa kubana matumizi. Acha themostati, kile kidhibiti cha joto la nyumba, isishuke chini ya nyuzi 13 na ufunge ile geti valvu kuu kabla ya kutoka, ukikaa huko ugenini usiku ulale. Ila kama boila lako, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ndo la kujazwa maji lenyewe kutoka kwenye bomba, muulize fundi kwanza kabla hujalikatia.

Sasa paa. Najua gata, ile mifereji ya maji ya mvua kwenye ukingo wa paa, hukuzifikiria kabisa, hazimo hata kwenye orodha. Subiri majani ya miti yaishe kudondoka, usiende mapema utarudia kazi, ila usichelewe mpaka yagande mule ndani. Ngazi iwe kwenye ardhi ngumu na mtu ameishika, vaa glavu za mpira, na usitegemee kukuta majani makavu, chini yake kuna tope jeusi zito limechanganyika na zile punje za mchanga zinazobanduka kwenye vigae vya lami, linanuka, unalichota kwa mwiko wa plastiki unatia kwenye ndoo uliyoining'iniza kwenye ngazi. Ukimaliza usishuke ukajipongeza. Mwaga ndoo ya maji juu uangalie chini, yakitoka kwa nguvu sawa, yakitoka kwa kusuasua basi pale kwenye kona ya bomba la kushushia pameziba, na pale ndo panapozibaga siku zote. Alafu angalia maji yanapomwagikia. Yakimwagikia mguuni pa ukuta unajitafutia unyevu besimenti na barafu mlangoni, ongeza kipande cha bomba yaende mita moja na nusu au mbili mbali na msingi.

Nikuambie na siri ya darini. Theluji ya kwanza ikianguka toka nje usimame barabarani uangalie paa lako na mapaa ya jirani. Lako likiwa limeshayeyuka wakati ya wenzio bado meupe, usifurahi, joto unalolilipia linapandia darini na kutokea juu. Halafu yale maji yaliyoyeyuka yanashuka mpaka ukingoni ambako hakuna joto, yanaganda tena, yanajenga ukuta wa barafu, maji yanayofuata yanakosa njia yanarudi nyuma chini ya vigae na kuingia kwenye silingi yako. Zile barafu ndefu nzuri zinazoning'inia ambazo watu wanapiga picha, zikiwa nene zimejipanga ukingo mzima, mimi nikiziona namuonea huruma mwenye nyumba. Dawa yake haiko juu ya paa. Panda darini na tochi, ziba matundu yote yanayopitisha hewa ya ndani, pale mabomba na nyaya zinapotokezea, na kile kimlango chenyewe cha darini ambacho huwa ni kipande cha ubao mwembamba tu, kiwekee mpira pembeni na godoro la sufi ya kuzuia joto lisitoke juu yake. Kisha angalia ile sufi ya sakafuni, kama imelala au ni nyembamba ongeza, ila usizibe yale matundu ya hewa kwenye kingo za paa, dari inatakiwa iwe na baridi na ipumue. Hela ya hita mbili kati ya zile tatu peleka huko.

Kwenye milango na madirisha we washa kijiti cha udi siku ya upepo, pita nacho polepole kwenye fremu zote, moshi ukiyumba hapo pana upenyo. Mlango weka mpira wa kuziba na brashi ya chini, dirisha piga silikoni kwenye nyufa za nje lakini sio ile sehemu inayofunguka. Tundu za chini za ukuta, panapoingia waya na bomba, ziba pia manake panya mdogo anapita kwenye kitundu cha milimita 6, na baridi ikianza anatafuta pa kulala kama sisi. Sindilia sufi ya chuma kwanza ndo upake povu juu, povu peke yake analitafuna.

Ila shosti, katika kuziba kwako usije ukaziba vile vitundu vya hewa vya boila au jiko la gesi. Hapa naomba unisikilize sana. Kila winta kuna familia zinalala haziamki, na wengi wao ni watu waliotaka tu kupata joto. Kitu chochote kinachoungua, mkaa, kuni, gesi, petroli, mafuta ya taa, kikikosa hewa ya kutosha kinatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, unadhani mafua, unaenda kulala. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama umeme umekatika siku mbili, na usiseme nitafungua dirisha, dirisha halitoshi. Jenereta ikae nje mbali na madirisha, sio gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Oveni sio hita. Gari usiliache linaunguruma gereji eti lipate joto. Theluji nzito ikianguka, kabla hujashika chepe kusafisha njia, zunguka kwanza nyuma ya nyumba uone lile bomba la kutolea moshi wa boila halijafukiwa.

Ndo maana kitu cha kwanza ambacho mimi ningekiweka kwenye orodha yako na hakipo ni alamu ya kaboni monoksaidi. Moja kila ghorofa na moja karibu na mnapolala. Kama wenye nyumba wa zamani waliacha zao, zigeuze nyuma usome tarehe, zina mwisho wake wa kutumika, ikipita inakaa ukutani kama pambo tu. Ikilia toka nje kwanza, wote, ndo upige simu ukiwa huko nje.

Boila muite fundi aliangalie sasa, ukingoja baridi ya kwanza utapanga foleni na mji mzima. Kama una radiata, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto, zile ambazo juu ni baridi na chini zina moto zina hewa ndani, hiyo unafanya mwenyewe: zima hita, zisubiri zipoe, anza ghorofa ya chini, weka kitambaa, zungusha ule ufunguo mdogo nusu mzunguko, utasikia tsss, hewa inatoka, inakuja na mate mate ya maji meusi, yakianza kutoka mfululizo funga. Kisha angalia geji ya boila, ikiwa limepoa sindano iwe kati ya baa 1 na 1.5, ikishuka chini ya hapo unaongeza maji kidogo. Kama ni ile mitambo ya kupuliza hewa ya moto basi badilisha filta tu, iangalie kila mwezi.

Hita ya umeme nunua moja ya dharura, inatosha. Ichomeke moja kwa moja ukutani, sio kwenye ekstensheni, iwe mita moja mbali na pazia na kitanda, na mkilala izimwe. Mapazia mazito sina ugomvi nayo, ila asubuhi yafungue na upitishe hewa dakika kumi hata kama kuna baridi, la sivyo maji yatajikusanya kwenye vioo na kuta zitaota ukungu mweusi, hasa mkianika nguo ndani.

Na kuni, kama kweli kuna sehemu ya moto inayofanya kazi, kabla ya kuni ni fundi wa bomba la moshi. Moshi wa miaka unaacha utando mweusi wa lami ndani ya bomba na huo ndo unaowaka moto siku moja, unatakiwa ukaguliwe kila mwaka, na hujui hao waliokuuzia walisafisha lini. Ukinunua kuni uliza zimekaushwa muda gani, chini ya miezi sita mwambie azirudishe, mti mbichi unatoa moshi mwingi na joto kidogo. Ukigonga vipande viwili vikilia kwa sauti kali ni vikavu. Zipange nje, mbali na ukuta, juu ya mbao zisiguse ardhi, funika juu tu pembeni pawe wazi. Gereji utakuwa unafuga wadudu.

Uwanja ndo kazi tamu lakini watu wanauchosha bure. Majani yaliyoanguka usiyaokote yote. Kwenye nyasi ndio, yakilala tabaka nene yanazifukia zinaoza, ila unaweza kupitisha mashine ya kukatia juu yake yakasagika yakawa mbolea hapo hapo. Chini ya vichaka na miti yaache, ni blanketi la mizizi na wadudu wazuri wanalala humo. Nyasi ukate mara ya mwisho zibaki sentimita 6 au 7, sio kipara. Miti usiikatie matawi sasa kwa nia ya kuipendezesha, ukiikata mapema inachipua machipukizi machanga yanauawa na baridi, subiri ilale kabisa. Ila tawi kavu lililo juu ya paa au juu ya waya hilo lishushwe, na sio na wewe, muite mtu mwenye vifaa.

Kitu kingine kinachoshangaza watu ni kwamba mti hufa kiu winta. Ile ya kijani mwaka mzima inaendelea kupoteza maji kwenye majani huku ardhi imeganda mizizi haipati kitu, kwa hiyo imwagilie vizuri kabla ardhi haijakaza, pamoja na miche yote uliyoikuta imepandwa mwaka huu. Weka matandazo sentimita 5 mpaka 10 kuzunguka, yasiguse shina. Shina changa lizungushie wavu, sungura wakikosa majani wanakula maganda.

Vyungu vya udongo vimwage udongo wake viingie ndani, vinanyonya maji alafu vinapasuka vyenyewe usiku. Pipa la maji ya mvua limwage uligeuze. Kama kuna dahlia kwenye ile bustani ya mbele, subiri majani yake yaungue na baridi ya kwanza yawe meusi, chimba viazi vyake kwa uma wa bustani, kung'uta, vikauke kidogo, viweke kwenye boksi lenye maranda ya mbao mahali penye ubaridi ila pasipoganda. Tulipu ni kinyume chake, hizo unazipanda sasa hivi, kina cha mara mbili au tatu ya urefu wa kitunguu chake, zinahitaji hiyo baridi ndo zitoe maua. Kitunguu saumu pia kinapandwa wakati huu, jaribu mstari mmoja.

Mashine ya kukatia nyasi usiiache na petroli ya zamani mpaka mwakani, iwashe imalize mafuta izimike yenyewe.

Chepe moja linatosha, pamoja na mfuko wa mchanga. Chumvi ya kawaida ikishuka kama nyuzi -9 inakuwa haifanyi kazi ya maana, na ukiimwaga kwa fujo inaunguza mimea ya pembeni na kula zege, tumia kidogo na mchanga kwa ajili ya kushika miguu. Chomeka fito kando ya njia ya gari kabla ardhi haijaganda, theluji ikifunika utajua njia inaishia wapi bustani inaanzia wapi. Na mwambie shemeji theluji inasukumwa hainyanyuliwi, apige kidogo kidogo apumzike, mtu aliyekaa kwenye kiti mwaka mzima akitoka ghafla kubeba theluji nzito kwenye baridi moyo unaweza kumzidi, sio utani huo.

Kwa wikiendi hii fanya koki ya nje, geti valvu na alamu, hayo matatu hayasubiri. Gata zitasubiri majani. Nitumie picha ya boila lako upande wenye geji, na ya bomba la moshi ukiwa umesimama nje, pia niambie darini unaingilia wapi, manake kwenye zile picha za nyumba sijakiona hicho kimlango popote na lazima kipo. Inawezekana kiko ndani ya kabati la nguo la chumba cha juu, angalia hapo kwanza.

Salimia shemeji na watoto, hasa huyo mkubwa fundi wetu wa geti valvu.

Shosti wako wa siku zote